Seli shina baada ya kiharusi: tumaini lipo, tiba bado

Mwaka 2016 Dkt. Gary Steinberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa matokeo ya wagonjwa 18 wa kiharusi, wote wakiwa wameshapitisha miezi sita au zaidi tangu waugue. Walitobolewa fuvu na kudungwa ndani ya ubongo seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zilizotoka kwenye uboho wa watu wengine. Mwanamke mmoja, ambaye upande wa kushoto alikuwa anasogeza dole gumba tu, alikuja kutembea na kuinua mkono hadi juu ya kichwa. Mgonjwa wa namna hiyo huwa ameshaambiwa kwamba alichopona ndicho hicho.

Ila wote 18 walijua wamepewa seli. Mtu aliyetobolewa fuvu kwa ahadi ya nafuu atajikaza mazoezini, nani asingejikaza? Ndiyo maana jaribio lililofuata, la watu 163, lilikuwa na kundi lililotobolewa fuvu juujuu tu, tundu lisifike ndani, na mgonjwa hakuambiwa yuko kundi lipi. Januari 2019 majibu yakatoka: waliopata seli hawakuwapita wenzao kwa kiwango kilichokusudiwa. Japani nako seli za aina nyingine, zinazotiwa kwa dripu ndani ya saa 36 tangu kiharusi, zilikosa lengo kuu mwaka 2022 kwa wagonjwa 206.

Mimi mizani yangu inalalia upande wa shaka, lakini siungi mkono kuuzika utafiti. Seli hizi hazigeuki ubongo mpya kama matangazo yanavyodai. Hufa baada ya muda mfupi, zikiwa zimeacha kemikali zinazouamsha ubongo ujitengeneze wenyewe. Huenda kilichokosewa ni aina ya wagonjwa waliochaguliwa. Seli zilezile za Stanford zilifaulu jaribio kwa walioumia kichwa, na Julai 2024 Japani ikaziruhusu kwao, kwa masharti.

Nisichokubali ni ile kauli ya wauza sindano za seli shina, kwamba aliyepooza hana cha kupoteza. Mwaka huohuo wa 2016 madaktari wa Boston walieleza habari za Mmarekani aliyepigwa kiharusi, akalipia sindano za seli China, Argentina na Mexico. Alirudi na uvimbe kwenye uti wa mgongo, na vipimo vikaonyesha kwamba seli za uvimbe ule hazikuwa zake. Kiharusi kilikuwa kimemwachia upande mmoja mzima. Baada ya sindano, miguu yote miwili ilikufa.