Ajali Haina Kinga, Lakini Uamuzi Una Mwenyewe

Lugha yetu yenyewe haijakata shauri juu ya jambo hili. Methali moja husema ajali haina kinga, nyingine hutuhimiza kuchukua tahadhari kabla ya hatari, na ya tatu, ambayo kwangu ndiyo ya ajabu zaidi, husema riziki ni kama ajali, huitambui ijapo. Mtu yule yule huzitumia zote tatu bila kuona mgongano, kutegemea kama anamfariji aliyekwisha kufikwa au anamwonya anayetaka kutenda. Lakini ikiwa mengi yanayotufika hatukuyachagua, maamuzi yetu yana uzito gani?

Wanaoutetea uamuzi hupenda kisa cha penisilini, dawa ya kuua bakteria itokanayo na kuvu. Septemba 1928 Alexander Fleming alirejea kutoka likizo katika maabara yake ya London, akakuta kuvu imeota kwenye sahani moja ya kuoteshea bakteria, na bakteria waliokuwa kando yake wamekufa. Sahani iliyoharibika hutupwa; yeye akaichunguza. Kuvu iliingia kwa bahati, ila kuichunguza hakukuwa bahati. Hoja ni nzuri, lakini kisa hukatwa mapema mno. Fleming hakufaulu kuitoa dawa ikiwa safi, na kazi hiyo ilikuja kufanywa Oxford, zaidi ya miaka kumi baadaye, na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Februari 1941 walimdunga dawa hiyo polisi mmoja ambaye uso wake ulikuwa umeliwa na maambukizi. Homa ikashuka, hamu ya chakula ikarudi. Dawa ilikuwa chache kiasi kwamba walikusanya mkojo wake ili waitoe humo na kumdunga tena. Ikaisha, na mwezi uliofuata akafariki. Hakuna aliyekosea hapo.

Upande wa pili una kisa kizito zaidi. Tarehe 9 Agosti 1945 ndege ya Marekani iliyobeba bomu la pili la atomiki ililenga mji wa Kokura, Japani, lakini anga la mji huo lilikuwa limezibwa, shabaha haikuonekana, na rubani akageuza kuelekea Nagasaki. Waliopona Kokura hawakuwa wameamua lolote lililowaokoa, wala waliokufa Nagasaki hawakuwa wamekosea lolote. Mbele ya tukio kama hilo nawakubali wanaosema kwamba kumwambia mfiwa "kila jambo lina sababu yake" ni kumwongezea dhuluma. Sababu ilikuwapo kweli, nayo ilikuwa utusitusi wa anga.

Ninapoachana nao ni pale wanapotoka hapo na kudai kwamba basi kuchagua ni kujisumbua bure. Wao, sawa na wale wanaojisifu kwa kila kilichowafanikia, huupima uamuzi kwa matokeo yake, ilhali aliyeamua hakuwa nayo mkononi. Alikuwa na yale tu aliyoyajua siku ile. Kipimo hiki nakiamini, ingawa nacho kina ufa. Madereva wawili husoma ujumbe wa simu huku gari likienda kasi. Mmoja anafika salama na kusahau, mwingine anamgonga mtoto. Uzembe wao ni mmoja, na bado hakuna anayeweza kuwatazama kwa jicho moja, mimi nikiwamo. Huyo wa pili ataubeba mzigo ambao nusu yake ni ya bahati, na sidhani kwamba tungemheshimu zaidi kama angekataa kuubeba.

Kwa hiyo maana siitafuti katika tukio lenyewe, kwa sababu mara nyingi haimo, bali katika kile mtu anachofanya na nafasi finyu aliyobakiziwa. Wale watafiti wa Oxford walibakiwa na dawa kiduchu na kifo cha mtu waliyekuwa wameanza kumwona akipona. Waliamua kuwageukia watoto, kwa kuwa mwili mdogo hutosheka na kipimo kidogo.