Klabu za Ng'ambo: ni timu tu, au ni jumuiya?

Mlandege, klabu ya mtaa ya Ng'ambo, yaani sehemu ya Mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilipoifunga Simba ya Dar es Salaam bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, Januari 2024, na kulibakisha kombe ililolitwaa mwaka uliotangulia, barazani lilirejea suala la zamani: je, klabu ya mtaa ina nafasi gani katika kisiwa ambacho soka lake limeshikwa na timu za vikosi vya Serikali, yaani KMKM, JKU, Mafunzo na vyengine?

Wanaovitetea vikosi wana hoja nzito. Mchezaji aliyeajiriwa ana uhakika wa mshahara hata akivunjika mguu, ilhali klabu ya mtaa huishi kwa michango na kwa mfadhili mmoja ambaye siku akichoka, jezi nazo huchakaa.

Lakini klabu za Ng'ambo hazikuundwa kwa ajili ya mpira peke yake. Chini ya ukoloni, klabu ilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo mkaazi wa huko aliweza kuchagua kiongozi, kutunza fedha za wenziwe na kubishana kwa utaratibu. Ndiyo maana African Association, jumuiya ya Waafrika ya mwaka 1934, ambayo mwaka 1957 ilikuja kuwa sehemu ya chama cha Afro-Shirazi, ilikuwa na mizizi katika klabu ya mpira. Taarab nayo ilikwenda njia hiyo hiyo: kikundi kijulikanacho leo kwa jina la Culture Musical Club kilianza mwaka 1958 kikiitwa Shime Kuokoana, jina ambalo halina hata neno moja la muziki.

Tusizipambe kupita kiasi, hata hivyo. Katika zama za siasa, yaani miaka ya mwisho kabla ya Mapinduzi ya 1964, watu walipofika kususiana maduka na hata maziko, klabu hazikusalimika, na vikundi vya taarab vya kina mama, kama Nuru el Uyun na Sahib el Ari, vilirushiana vijembe ambavyo havikuwa mzaha daima.

Kwa maoni yangu, vikosi vinalaumiwa kwa kudhoofika kwa klabu za mtaa zaidi ya vinavyostahiki. Baada ya Mapinduzi, sehemu kubwa ya nyumba za Ng'ambo ilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na majirani wakatawanyika pamoja na baraza zao. Klabu nyingi zilipoteza wanachama kabla ya kupoteza wachezaji. Culture imedumu, nadhani, kwa sababu ina nyumba yake Vuga, ambamo wanachama hukutana hata wasipokuwa na onyesho. Klabu za mpira zinazoomba mishahara zingeanza kwa kuomba nyumba kama hiyo.