Mwacheni mtoto aitazame radi

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa kaka yangu, Buswelu, Mwanza. Tulikuwa tumeshakula, vyombo bado viko mezani, wingu likaanza kujikusanya upande wa Ziwa Victoria. Chini jeusi, juu limepanda mpaka shingo inauma kulitazama. Upepo wa baridi ukaingia ghafla na ile harufu ya vumbi lililoguswa na matone ya kwanza. Mtoto wa kaka, ana miaka sita, akakimbilia dirishani. Umeme ukamulika, naye akapiga makofi.

Ngurumo haijafika, shemeji alishamfikia. Kibao begani. "Toka hapo, unataka radi ikuchukue?" Gauni alilovaa mtoto lilikuwa jekundu, likavuliwa pale pale. Kioo cha kabati kikafunikwa kanga. Ngurumo ilipotua, mtoto alikuwa uvunguni mwa kitanda analia mpaka anakwama pumzi. Muda mfupi tu nyuma alikuwa anapiga makofi.

Hilo limeniuma wiki nzima. Shemeji ni mama mzuri, anampenda mwanawe, na hofu yake si ya kubuni. Lakini nimeona mbele ya macho yangu furaha ya mtoto ikizimwa, na alichopewa badala yake hakitamsaidia lolote siku radi itakapompata kiwanjani bila mama yake.

Mimi naipenda radi. Naisema wazi kwa sababu ukisema hivyo mbele za watu wanakutazama kama umekufuru. Nimezaliwa Bukoba, na radi ya Bukoba ni ya alfajiri. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, pepo za pande zote zinakutana katikati ya maji na kuisukuma hewa juu. Wingu linapikwa huko usiku kucha, halafu upepo wa mashariki unalileta kwetu. Unakuwa umelala, saa kumi au kumi na moja, unaanza kuisikia mbali sana, nzito, inakugusa kifuani kabla ya masikio. Kisha migomba inaanza kupigwa na upepo. Kisha bati. Mvua ikishika bati hakuna anayeongea na mwenzake, hata mkilala kitanda kimoja. Na katikati ya kelele hiyo chumba kizima kinakuwa cheupe, unaona kila kitu, mpaka uzi uliochomoza kwenye blanketi, na mara giza tena. Sijapata kuona kitu kikubwa kuliko hicho, na kilikuwa kinakuja nyumbani kwetu bure.

Nyumba yetu ilikuwa na kila namna ya mtu. Bibi alikuwa na kioo kidogo cha fremu ya plastiki kilichotundikwa kwenye msumari. Ngurumo ya kwanza tu, alikigeuza kitazame ukutani, akakifunika na upande wa kanga, akaketi mkekani mikono magotini. Hakuomba, hakulia. Alinyamaza mpaka ipite, na sisi tulinyamaza naye. Jirani yetu wa upande wa pili, mama wa Kiislamu, alikuwa akisoma maneno ya sura ya 13, ile iliyopewa jina la Radi, kwamba radi inamtukuza Mungu kwa kumsifu. Kwangu hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyopata kusikia juu ya radi. Kaka alikimbilia kuchomoa waya wa redio, na alikuwa sahihi. Mbwa alijibana nyuma ya gunia la maharage.

Baba alihesabu. Aliketi hatua chache kutoka dirishani, ukimulika anaanza: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, taratibu, mpaka ngurumo ifike. Kisha anagawa kwa tatu. Sauti husafiri kama meta 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. "Iko kilomita nne," anasema, na mimi naliona ziwa lote kichwani, najua radi imesimama wapi. Ikifuata ni tatu, inakuja. Ikiwa tano, inaondoka. Kwa hesabu hiyo tu niliacha kuogopa, na sikuacha kuiheshimu hata kidogo. Nilijua kwamba nikihesabu bila kufika thelathini, sipaswi kuwa nje, na kwamba ngurumo ya mwisho ikishapita inabidi nusu saa nzima iishe kwanza ndipo nitoke. Sikuwahi kuona kitu kingine kinachomtosheleza mtoto anayependa na mtoto anayeogopa kwa wakati mmoja.

Nirudi kwenye kile kioo. Kioo hakiiti radi. Gauni jekundu haliiti radi. Simu iliyo mfukoni haiiti radi pia, ingawa iliyochomekwa kwenye chaja ni hatari, kwa sababu umeme hupita kwenye nyaya. Radi inatafuta njia ya kufika ardhini, na mara nyingi inapitia kilichochomoza: mti uliosimama peke yake, mlingoti, mtu katikati ya uwanja. Ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja kwa sababu umeme ukishafika ardhini unasambaa, unapanda mguu wa mbele na kutokea wa nyuma, na katikati ya miguu hiyo kuna moyo. Hayo mtoto wa miaka sita anaweza kuyaelewa. Lakini tumemfundisha kanga juu ya kioo, na kesho mvua ikianza akiwa anacheza mpira atakimbilia wapi? Chini ya mwembe. Huko ndiko tunakowakuta.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bibi alifanya jambo moja la maana kupita elimu yangu yote: alituingiza sote ndani na kutukalisha kimya. Kama kanga ndiyo inayowafanya watu wakae ndani, wakifunike kioo. Siwezi kugombana na kanga. Ninachokataa ni kumfanya mtoto aamini kwamba akishavua nyekundu yuko salama.

Na nakubali kwamba kuipenda radi ni rahisi kwa mtu aliye chini ya paa. Mjomba wangu alivua dagaa miaka mingi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na usiku ndio saa ambayo wingu linapikwa juu ya ziwa. Mtu aliyeketi kwenye mtumbwi juu ya maji tambarare ndiye kitu kirefu kuliko vyote mpaka upeo wa macho. Mjomba akisikia ngurumo, hata akiwa nchi kavu, hata akiwa kwenye harusi, alikuwa anakunja vidole na kuacha kuongea. Sikumcheka hata siku moja. Anayemcheka mtu mzima anayeogopa radi hajui mwenzake ametoka wapi.

Huu ukanda wetu si wa kuchezea. Kabare, kule Kivu Kusini nchini Kongo, imo katika sehemu zinazopigwa na radi mara nyingi kuliko karibu pote duniani. Juni 2011, Runyanya nchini Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18 shuleni kwao. Machi 2018, Nyaruguru nchini Rwanda, watu 16 walikufa kanisani. Na Januari 2025, hapa hapa nchini, mkoani Geita, wilayani Bukombe, wanafunzi 7 wa sekondari. Nilipozisikia habari za Bukombe nilikaa kwenye ngazi za kazini nikashindwa kupanda. Niliipenda radi siku ile pia, na nililia.

Baada ya vifo kama hivyo huja lile swali ambalo linanichoma kuliko kioo na gauni: nani katuma? Nimelisikia msibani kwa masikio yangu. Watu wazima, wenye kazi zao na vyeti vyao, wanamtazama bikizee aliyeketi peke yake pembeni, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka sitini ya kupikia kuni. Radi ina joto la nyuzi 30,000 hivi, karibu mara tano ya uso wa jua, na inazaliwa kwenye wingu lenye urefu wa kilomita kadhaa kwenda juu. Hakuna mtu anayeituma. Mnapomtazama yule bibi, mnaongeza kifo cha pili juu ya cha kwanza, na paa la shule linabaki vilevile.

Lipo na hili, naomba mlisome mara mbili: mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse. Nimesikia habari za watu waliosimama kwa mbali wakimtazama kijana aliyeanguka, wanaogopa kurushwa. Mara nyingi kinachokuwa kimesimama ni pumzi na moyo, na mtu anayejua kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi anaweza kumrudisha. Zile dakika za kuogopa ndizo zinazomuua.

Jumapili ile niliingia uvunguni. Mle ndani kulikuwa na viatu vya kaka, ndoo ya rangi iliyokauka, na mtoto mwenye shati la ndani tu. Nilimwambia tuhesabu. Mara ya kwanza hakuweza, alikuwa ameziba masikio. Mara ya pili tulifika kumi na mbili pamoja. Nikamwambia radi iko kilomita nne, yaani mbali kuliko shuleni kwake. Akauliza, "Baba mdogo, na inayofuata?" Tukahesabu. Kumi na tano. Akatoa kichwa nje. Ya kumi na nane tuliihesabu tukiwa tumeketi sebuleni, mbali na nondo za dirisha, shemeji amesimama mlangoni na kanga mkononi, hasemi kitu.

Shule anayosoma iko juu ya kilima. Paa ni bati, mlingoti wa bendera uko mita chache kutoka darasa lao, na sijaona fimbo ya shaba juu ya paa wala waya wa ethi unaoshuka ukutani kuingia ardhini. Runyanya waliwekewa kinga hiyo baada ya kuzika. Kikao cha wazazi ni mwezi ujao. Kaka amekubali niende kwa niaba yake, na hilo ndilo swali nitakalosimama nalo.