Shangazi Hakuulizwa

Nimefanya kazi ya kuwasaidia wauguzi mjini Lowell, jimboni Massachusetts, kwa miaka 11, na sijaona karatasi iliyonifikirisha kama ile aliyoitoa mfukoni fundi mmoja wa mapaa, usiku alipoletwa wodini akiwa amevunjika bega. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo yake imeanza kuchanika. Ilieleza kwamba hataki kupewa dawa yoyote ya maumivu ya jamii ya afyuni, iwe mofini, oksikodoni au fentanili, na chini yake palikuwa na sahihi mbili, yake na ya daktari wake. Alikuwa ameacha heroini miaka sita iliyopita. Daktari wa zamu aliisoma, akamwuliza kama bado yupo kwenye neno lake, kisha akaagiza sindano ya ganzi ya bega pamoja na parasetamoli ya dripu. Usiku ule haukuwa mwepesi, alinibana mkono mpaka vidole vikaniuma, lakini hakuna aliyemfanyia uamuzi.

Fomu hiyo ilikuja na sheria ya jimbo ya mwaka 2016, na majimbo kama Pennsylvania na Michigan nayo yana sheria za namna hiyo. Aliyeitia sahihi anaweza kuitengua wakati wowote, hata kwa kauli ya mdomo tu, kwa hiyo maumivu yakimzidi karatasi haigeuki pingu. Wamarekani wameifikia kwa gharama kubwa: mwaka 2021 pekee, dawa za jamii ya afyuni ziliua zaidi ya watu 80,000 nchini humo, na si haba walioingia katika uraibu kwa vidonge walivyoandikiwa na daktari.

Mwaka 2019 nilikuwa nyumbani Mombasa, shangazi yangu akiugua saratani ya matiti iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Daktari alishauri apewe mofini ya maji. Ami yangu, ambaye kwa mapenzi yake kwa dada yake sina shaka hata chembe, alisema mbele yetu sote kwamba mofini na unga, yaani heroini, ni kitu kimoja na kwamba dada yake hatakufa teja. Tukanyamaza. Shangazi alikuwa chumba cha pili, akili zake timamu, na hakuna aliyevuka kizingiti kwenda kumwuliza, si sisi wala daktari. Aliendelea na vidonge vya kawaida kwa wiki tatu, akiomba ageuzwe ubavu kila baada ya dakika chache, mpaka alipofariki.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe matibabu aliyopangiwa pamoja na haki yake ya kuyakataa. Haki ni ya mgonjwa, lakini kwetu hutumiwa na mkubwa wa nyumba, na hospitali huridhika, kwa kuwa ndiye anayelipa na ndiye atakayelalamika.

Kwa hiyo siafiki wanaodai kwamba fomu ya aina hii ni anasa ya wazungu. Kijana wa Kisauni au Malindi aliyejitoa kwenye unga, akiangushwa na bodaboda akavunjika mguu, anaweza kuchomwa pethidini, nayo ni ya jamii ya afyuni, kabla hajapata nafasi ya kueleza alikotoka, na nafasi yenyewe akiipata huenda akaona haya kuitumia mbele ya mama yake. Karatasi ingemsemea. Ninachokihofia ni kuiga nusu tu: tukileta fomu ya kukataa peke yake katika nchi ambayo wagonjwa wengi wa saratani hata hiyo mofini hawajaionja, tutakuwa tumewapa akina ami silaha nyingine. Fomu ya kwetu ningetaka iwe na nafasi mbili, moja ya asemaye hataki na moja ya asemaye anataka, ijazwe mgonjwa akiwa peke yake na daktari, huku jamaa wakingoja nje ya mlango.