Shule Zilizolipiwa Mara Mbili

Katika miji midogo na vijiji vya kusini mwa Marekani bado yamesalia majengo ya mbao yenye safu ndefu za madirisha, yanayojulikana kama Shule za Rosenwald, yaliyojengwa kwa ajili ya watoto Weusi enzi za ubaguzi wa rangi. Kila ninaposoma habari za kukarabatiwa kwa mojawapo, hukuta jina la tajiri limetangulia na wenyeji wametajwa mwishoni, kwa sentensi moja. Nauona mpangilio huo kuwa si wa haki.

Julius Rosenwald, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck, anastahili heshima yake. Alilikubali wazo la Booker T. Washington, kiongozi Mweusi na mkuu wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, wakaanza mwaka 1912 kwa shule sita za majaribio katika jimbo hilo, na mpango ulipofungwa mwaka 1932 yalikuwa yamekwisha kujengwa majengo zaidi ya 5,300 katika majimbo 15, zikiwemo nyumba za walimu na karakana. Hata hivyo, fedha zake hazikutoka mpaka wenyeji nao wachange. Kati ya dola zipatazo milioni 28 zilizotumika, Wamarekani Weusi walichanga milioni 4.7, ilhali mfuko wa Rosenwald ulitoa milioni 4.3. Sehemu kubwa iliyobaki ilitokana na kodi, na kodi hiyo wachangaji hao hao walikuwa wakiilipa miaka yote huku ikielekezwa zaidi kwenye shule za watoto wa Kizungu, hivyo mchango wao ulikuwa malipo ya pili kwa haki ile ile moja.

Asiyekuwa na fedha alitoa kiwanja, mbao au nguvu zake. Huko Boligee, Alabama, katika majira ya baridi ya 1916 na 1917, mzee mmoja aliyekuwa ameonja utumwa alisimama mbele ya watu, akatoa mfuko uliochakaa na kumimina mezani akiba ya maisha yake yote, dola 38, ili watoto wa wajukuu wake wapate nafasi ambayo yeye aliikosa. Siwezi kulitazama jengo lolote la aina hiyo bila kuiona meza ile.

Majengo yenyewe yalisanifiwa kwa uangalifu mkubwa. Ramani za mwanzo zilitoka Tuskegee, kwa Robert R. Taylor, Mweusi wa kwanza kuhitimu MIT, chuo mashuhuri cha teknolojia cha Marekani. Kwa kuwa umeme haukuwapo, madirisha yalikusanywa upande mmoja na madawati yakapangwa ili mwanga uingie kutoka kushoto, mkono wa kulia wa mtoto usitie kivuli juu ya anachokiandika. Kuta nyingine za kati zilikunjwa, madarasa mawili yakawa ukumbi wa jamii nzima.

Baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni, watoto Weusi walihamishiwa, polepole mno, katika shule zilizokuwa za Wazungu, na zile walizojengewa na babu zao zikafungwa. Nyingi zilioza, nyingine zikageuzwa maghala.

Zilizobaki zinakarabatiwa, na hilo ni jema. Ombi langu linahusu kibao cha ukutani: jina la Rosenwald libaki, lakini juu yake yaandikwe majina ya wachangaji, na pale orodha ilipopotea, kiandikwe kiasi walichotoa.