Greda Limeingia Mtaani, Nani Ana Maboksi?

Jumamosi alfajiri niliamshwa na mtetemo. Wazo la kwanza: Mlima Meru umekumbuka ujana wake, maana haujacheua tangu 1910 na kila mvumilivu ana siku yake. Natoka nje nimejifunga kanga ya mke wangu, nakuta greda. La njano, kubwa kama kosa, linakwangua barabara yetu ya Olmoti, hapa Arusha, kama mtu anayekwangua ukoko wa ubwabwa. Kina mama wanapiga vigelegele, watoto wanakimbilia vumbi, mzee wa duka la kona amevaa koti. Mimi nikarudi ndani.

"Mama Nasma," nikasema, "anza kukusanya maboksi."

Naijua lami. Tumefukuzana nayo nusu ya umri wangu. Nilizaliwa Unga Limited, mtaa uliopewa jina la kiwanda cha unga, na marehemu baba alikuwa kiwanda cha matairi, General Tyre, enzi ambazo ukisema unafanya kazi pale unakopeshwa hata jeneza. Uzalishaji uliposimama 2009, baba alikuwa keshastaafu, yuko Kondoa na tairi moja la kumbukumbu. Mpaka leo ng'ombe wanalinywea maji.

Mimi nikabaki na mji. Nikapanga Sombetini. Wakaweka taa za barabarani, na siku taa zilipowaka kodi nayo ikawaka. Nikakimbilia Kwa Mrombo. Nyama choma ikavuta watu, watu wakavuta lami, lami ikanisukuma. Nikaja huku Olmoti wakati ni mahindi, maharage na mbwa wasio na mwenyewe. Nikajisemea, hapa lami ikitaka kuja itabidi iulize njia. Kumbe Septemba 2023 watu wamekaa Cairo, kwenye kiyoyozi, wameamua AFCON 2027 iende Kenya, Uganda na Tanzania. Na uwanja wa watu 30,000 ukaangukia wapi? Nyuma ya choo changu, kwa makadirio ya karibu.

Jioni ileile mama mwenye nyumba akaja. Amejitanda khanga mpya, mkononi kisahani cha maandazi. Maandazi ya mwenye nyumba siku zote yana hamira ya ziada.

"Baba Nasma, barabara umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Na uwanja unaonekana hapa hapa mlangoni."

"Unaonekana, mama."

"Sasa..."

Hiyo "sasa" ilinigharimu elfu sabini. Kodi imetoka elfu themanini kwenda laki na nusu, kuanzia mwezi ujao. Nikajaribu kumweleza, kwa heshima zote, kwamba mpira wenyewe unachezwa siku chache na mimi kiingilio sina. Akakaa kwenye kigoda changu, akanisimulia jinsi mahakama ya kimataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipokuwa hapa mjini, kuanzia miaka ya tisini mpaka ilipofungwa 2015, yeye akifua nguo za watu Njiro, akiona kwa macho yake wenye nyumba wanahesabu dola. "Mimi mahakama ilinipita, baba Nasma. Mpira haunipiti." Nikakosa jibu. Mama huyu nyumba hii kaijenga kwa kuuza mbege na kufua, tofali kwa tofali. Maandazi nikala manne, nikiyapigia hesabu kama sehemu ya kodi.

Jumapili nikamtafuta dalali.

Chalii mmoja mwembamba, kofia ya sufi kwenye jua la saa saba, simu tatu na zote zina ufa. Kabla hatujasalimiana: "Ya kuonyeshwa elfu kumi, mzee wangu, boda juu yako, na ukipenda chumba mimi nachukua kodi ya mwezi mmoja."

"Na nisipopenda?"

"Utapenda."

Tukapakiana watatu: dereva, dalali, na mimi mwisho kabisa, mtu mzima, mweka hazina wa kikundi cha kuzikana, nimekalia chuma cha kubebea mizigo. Chumba cha kwanza, Olasiti. "Masta, mzee, choo ndani." Kweli kilikuwa ndani. Ukiingiza kitanda, kichwa kinalala chumbani, miguu inalala chooni. Pamoja na hayo nikaambiwa niamue upesi, kuna watu wengine wanakuja kukiangalia. Nikaamini. Sensa ya 2012 ilikuta jijini watu 416,442, ya 2022 ikakuta 617,631, na hao laki mbili wa nyongeza wote walikuwa wameshapitia chumba kile kabla yangu. Alama za viatu zilikuwepo.

Cha pili ni huko Kisongo, jirani na uwanja wa ndege. Ndege ikapita, bati likaimba, mwenye nyumba akanyamaza kidogo kisha akaendelea na sentensi yake palepale alipoiachia. Keshazoea. Dalali akaniambia, "Hapa shida ya usafiri huna." Nikamtazama kuona kama anatania. Hatanii.

"Mimi nataka mjini," nikasema.

"Kipo kimoja, mjini kabisa. Dakika kumi."

Tukaondoka. Dakika kumi zikaisha tukiwa bado kwenye lami ya kwenda Dodoma. Zikaisha nyingine kumi. Nyumba zikaanza kuonana kwa mbali, kama watu waliogombana. Tukawapita punda wenye madumu. Tukapita kisulisuli, au niseme chenyewe kilitupita, kikanivisha vumbi mpaka ndani ya soksi. Basi la mikoani likatupigia honi, na abiria mmoja akanipungia mkono kwa huruma, kama unavyompungia mtu anayehama nchi. Nikasoma kibao: wilaya ya Monduli.

"Chalii, huku ni mjini?"

"Mji unakuja, mzee."

Tukakata kulia, tukafuata njia ya ng'ombe, tukasimama. Kulikuwa na kuta nne. Juu ya kuta kulikuwa na mbingu.

"Bati liko wapi?"

"Jumatano."

"Na kodi?"

"Laki na kumi. Miezi sita."

"Ya nini, na bati hakuna?"

Akanigeuza mabega taratibu, kama fundi picha. "Mzee, ona Meru."

Nikamwambia Mlima Meru nimeuona bure miaka 46, na wa kwetu ulikuwa na bati mbele yake. Ndipo akanisogelea, akapunguza sauti, akaona sasa ananipa siri ya kuniokoa: "Hapa kuna fununu ya barabara."

Hapo ndipo uungwana uliponiponyoka. Nilipiga kelele mpaka yule mzee wa Kimasai aliyekuwa na mbuzi wake akasimama na kujishika kiuno, anasikiliza. Niliwaambia: sikilizeni, mimi nikihamia hapa nitafyeka, nitachanga nguzo za umeme, nitachimba mtaro, nitalala nje zamu yangu ya ulinzi nikimulika fisi na wezi, nitakopa kwa mama wa genge mpaka genge liwe duka. Miaka minne. Pakishakuwa mahali pa kuishi, litakuja greda, nami nitaambiwa "sasa..." Mtaa sisi wapangaji ndio tunaupika, halafu wakati wa kupakua tunaombwa tupishe mlangoni! Na ile barua ya kuomba barabara ya Olmoti, mnajua nani aliiandika? Mimi! Kwa mwandiko wangu wa kulaza. Kamati ilisema mimi ndiye mwenye mwandiko.

Mzee wa Kimasai akatikisa kichwa. "Pole, ero," akasema, akaenda zake. Mtu pekee aliyenipa pole wiki nzima.

Dalali akaona biashara inazama. "Basi mzee, tulia. Nina kimoja cha akiba, nilikuwa namwekea mtu. Chumba na sebule, Olmoti, uwanja unauona mlangoni, barabara inachongwa jana tu." Akafungua simu yenye ufa mkubwa zaidi. Nikaona pazia la maua ya zambarau. Nikaona saa ya ukutani iliyogoma kwenye kumi na dakika ishirini. Nikaona, kwenye kochi, suruali yangu.

"Huyu aliyemo?"

"Anatoka mwisho wa mwezi. Kuna mzee fulani msumbufu, hapendi maendeleo."

Kurudi nilipanda kifodi, daladala ndogo za huku. Konda akadai nauli mara mbili kwa sababu ya vumbi, eti nitachafua siti, siti ambayo sponji yake iliondoka zamani.

Mke wangu nimemuuliza nani aliingia kupiga picha. Anasema Ijumaa mama mwenye nyumba alikuja na kijana wa kupima dari. Ijumaa! Kabla ya greda! Na kijana alikunywa chai yetu, akasifu pazia. Mama Nasma sasa ana hasira, si kwa kodi, kwa ile suruali: kwa nini niliiacha kwenye kochi, jiji zima limeiona. Anataka picha ipigwe upya.

Greda lenyewe limesimama tangu Jumatatu. Limeacha lundo la kifusi mbele ya mlango wangu, watoto wanalipanda na kushangilia magoli, na mgeni akija inabidi apite kwa jirani. Leo nimekwenda soko la Kilombero kutafuta maboksi. Yaliyokuwa ya bure sasa ni mia tano moja. Nimechukua matatu. Moja linanuka dagaa, mke wangu amelitoa nje, na paka wa mama mwenye nyumba ameshahamia humo.