Ngumi Inayobisha Hodi

Kwenye dojo letu, ukumbi wetu wa mazoezi ya karate, jina langu halisi walishalisahau. Naitwa Hodi.

Lilianza jioni moja mbele ya makiwara. Kwa asiyeijua, makiwara ni ubao uliosimikwa wima, juu umefungwa kamba za nyasi au kipande cha ngozi, na kazi yake duniani ni kupigwa ngumi. Hairudishi, hailalamiki, ila ukiipiga ovyo kifundo cha mkono kitakusimulia wiki nzima. Nilijipanga vizuri: mguu wa kushoto mbele, goti nimelikunja, ngumi ya kulia kiunoni, uso nimeufinya kama mtu anayedaiwa. Nikazungusha nyonga, nikaachia gyaku-zuki yangu, ile ngumi ya mkono wa nyuma. Ukasikika mlio.

Ko.

Sensei, yaani mwalimu wetu, akasogea taratibu, mikono nyuma. "Rudia." Nikarudia. Ko. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya daktari.

"Ngumi yako inabisha hodi," akasema. "Inatoka kiunoni kwa fujo, ikifika mlangoni inakumbuka adabu."

Nyuma yangu mwenzetu mmoja, hasidi wa maisha yangu tangu siku hiyo, akaitikia, "Karibu!" Dojo zima likaanguka kicheko. Ikawa ndiyo desturi. Mimi nikipiga, wao wanakaribisha.

Uchungu wenyewe ni kwamba Sensei alisema kweli. Mkono wangu hauna woga wowote. Mwoga ni kichwa. Kichwa kinajua ubao ni mgumu, basi ngumi ikikaribia kugusa, chenyewe kinakanyaga breki kimyakimya, na misuli iliyotakiwa kusukuma inaanza kuzuia. Halafu kime, ule mkazo wa pigo la karate, nilikuwa nimeielewa kinyumenyume. Nilidhani ni kukaza mwili tangu mwanzo, nikawa nakaza mpaka vidole vya miguu na masikio. Kumbe kime ni kitambo kidogo cha mwisho. Mkono unasafiri ukiwa umelegea, halafu nyonga, bega, pumzi na ngumi vinakutana mahali pamoja kwa wakati mmoja, kisha kila kimoja kinaachia. Aliyekaza tangu safari inaanza hufika amechoka, na hafiki mapema.

Sensei akanipa dawa mbili. Ya kwanza: usiupige ubao, piga kilicho nyuma yake. Ya pili ndiyo iliyoniponza. "Kila usiku kabla hujalala, funga macho upige ngumi mia moja kwa akili tu. Ione, isikie, pumua nayo. Mwili usitikisike."

Mazoezi ya karate ambayo mtu anafanya akiwa amelala chali chini ya shuka! Niliyapokea kwa mikono miwili.

Tena nikatafuta ushahidi wa kuniunga mkono, nikaupata. Mwaka 2012 watafiti wa London walitoa utafiti uliowalinganisha watu 12 wenye mkanda mweusi na wengine 12 wenye afya njema lakini wasiojua karate, wakiwapigisha ngumi kutoka umbali wa sentimeta 5 tu. Wenye mikanda walipiga kwa nguvu zaidi, lakini si kwa ubabe wa misuli. Siri ilikuwa kwenye kupatanisha mwendo wa bega na wa kifundo cha mkono, na tofauti hiyo ilionekana hadi kwenye ubongo, ile sehemu ya nyuma inayoratibu mienendo. Nilichokielewa mimi ni kwamba pushapu hazina maana. Nikaziacha siku hiyohiyo.

Yupo pia Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Huyu aliacha kanuni 20. Ya tano inasema akili hutangulia ufundi. Niliishika kwa moyo wote. Ya nane inasema usidhani karate ni ya ndani ya dojo tu. Hiyo nilipita juujuu, nayo ikanisubiri.

Usiku wa kwanza nilipiga ngumi sita nikakoroma. Wa tatu nikafika ishirini. Kufikia wa tisa makiwara ilikuwa inakuja yenyewe nikifumba macho, na kamba zake naziona uzi kwa uzi. Nakumbuka nilivuka ngumi ya hamsini. Baada ya hapo sina ushahidi. Najua tu kwamba ubao ulikuwa mbele yangu, nyuma yake kuna kitu cheupe, na kwa mara ya kwanza tangu nianze karate kichwani hamkuwa na mtu wa kukanyaga breki. Mwili umelegea. Pumzi iko chini ya kitovu. Nikapiga, na kiai, ule ukelele wa karate, ikatoka na ngumi.

Kiai hiyo iliamsha mke wangu, binti yetu, na mbwa watatu ambao si wetu.

Taa ilipowaka nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, mguu wa kushoto mbele, goti limekunjwa sawasawa, na mkono wa kulia umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya mlango wa kabati la nguo. Mlango wa plaiwudi, nakubali. Lakini ulikuwa umepita! Tundu lenyewe dogo, la duara, limenyooka. Mtu akinionyesha kazi kama ile nitamsifu.

"Umeona?" nilimwambia mke wangu. "Haikubisha hodi!"

Kisa cha hodi anakijua, kwa kuwa nilikuwa nimemlilia sana. Alinitazama mimi, akalitazama tundu. "Mzee," akasema, "hilo kabati lina mlango. Ungebisha hodi ningekufungulia."

Binti yetu akatokea kizingitini akifikicha macho. "Mama, kabati limemmeza baba."

Kuutoa mkono ndiko kulikokuwa mtihani. Vijiti vya plaiwudi vilikuwa vimeinama kwa ndani, kwa hiyo kila nikivuta vinanikamata. Samaki aliyeingia kwenye dema angenielewa. Mke wangu akaona bora aufungue mlango apate kuniokoa kwa upande wa ndani. Wazo zuri, ila tulisahau kuwa mimi na mlango tulikuwa kitu kimoja. Ulipofunguka nikafunguka nao, nikizunguka chumba kwa hatua ndogondogo kama bawaba ya akiba.

Huko ndani ngumi yangu ilikuwa imetua kwenye gauni lake jeupe la sherehe. Kumbe hicho ndicho kilichokuwa nyuma ya ubao. Alilikagua kwanza gauni, mshono kwa mshono, mbele na nyuma. Mkono wangu ukafuata baadaye, kama mgonjwa asiye na bima.

Alipoanza kuvikunja vijiti kimoja kimoja nilimwomba asubiri. Nilitaka picha. Akanipiga picha bila neno, kwa ule ukimya ambao wenye ndoa wanaujua. Dakika arobaini baadaye nilikuwa huru, na michubuko mikubwa ilikuwa kwenye vifundo viwili vya kwanza vya ngumi, vya kidole cha shahada na cha kati. Ndipo hasa ngumi ya karate inapotakiwa kugusa. Nilimweleza hilo. Alikuwa ameshazima taa.

Siku ya mazoezi nilifika mapema, mkono wa kulia nimeufunga bandeji, simu mkononi. Nikainama mbele ya Sensei, nikamwonyesha. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Akaangalia miguu. Akaangalia nyonga. Akaguna, na guno la Sensei si kitu cha kupewa kila siku. Kisha kidole chake kikasimama.

"Na mkono wa kushoto?"

Nikachungulia. Gyaku-zuki inataka mkono mmoja unapokwenda mwingine uvutwe kiunoni kwa nguvu ileile. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kiunoni kweli. Ulikuwa umeshikilia bukta isianguke.

"Nusu ya ngumi ilikuwa inachunga nguo," Sensei akasema, akanirudishia simu. "Nenda kwenye makiwara. Leo tumia wa kushoto."

Nikaenda. Nikalegeza mabega, nikashusha pumzi chini ya kitovu, nikayatuliza macho nyuma ya ubao, nikajiambia niko usingizini. Dojo zima likanyamaza. Nikapiga.

Ko.

"Karibuuu!"